Maji ya Buluu

Kisauni, Mombasa
Februari, 1947

Kaka yangu mpenzi Gershom,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima na kwa hamu kubwa ya kujua mmeamkaje hapo Ribe, wewe na mama yetu, wifi yangu Kafedha na watoto. Je, mvua za vuli ziliwaachia chochote shambani? Mama bado anakwenda kanisani kwa miguu, au amekubali kuyapumzisha magoti yake? Kwa desturi hapa ningeandika kwamba nami ni mzima wa afya. Leo naomba neno hilo niliweke kando kwanza, maana nataka ulisikie mahali pake, baada ya kujua yaliyotangulia. Nakuomba pia uisome barua hii peke yako, ukiwa umekaa.

Najua mmenilaumu kwa ukimya wangu, na mna haki. Habari za mgomo bila shaka zilifika huko. Mwezi uliopita watu wa bandari na wa reli waliweka kazi chini, wakafuatwa na wapishi na matopasi wasafishao vyoo na karibu kila mtu afanyaye kazi ya mshahara katika mji huu. Barua hazikuwa zikienda wala kuja. Lakini hata mgomo ulipokwisha sikuandika, na sababu yake utaiona.

Nilipoondoka nyumbani nilisema nakuja kufanya kazi ya nyumba kwa Bibi Hafswa, na ndivyo nilivyoanza, kufua na kupika. Sikuwahi kuwaeleza vizuri kazi iliyonishika baadaye. Bibi Hafswa ni mjane wa mfanyabiashara, mtu wa ukoo wa zamani hapa. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Eda ilipokwisha alikitoa chumba cha mbele cha nyumba yake, akamwendea daktari mmoja Mgoa wa kisiwani, akamwomba aje Kisauni kila Alhamisi kuwatazama wagonjwa wa ugonjwa ule bila malipo. Mpwa wake, Bwana Jamaludin mwenye duka, akachukua kazi ya kuagiza dawa na barafu ya kuitunzia. Wenzao wengine wakachanga. Jina lake ni Jumuiya ya Kuwasaidia Wenye Maradhi ya Sukari, lakini watu wanaiita Baraza la Sukari, kwa sababu wagonjwa hukaa pale nje barazani wakingoja zamu zao, Waislamu kwa Wakristo, wenye kanzu na wenye kaniki.

Mimi nilianza kwa kuwachemshia maji ya kuoshea sindano. Daktari akaona mkono wangu hautetemeki, akanifundisha kupima. Mgonjwa huleta haja ndogo katika chupa. Tunatia matone machache kwenye kichupa chembamba cha kioo chenye dawa ya buluu, kisha tunakichemsha juu ya taa ya spiriti. Rangi ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikienda manjano kisha ikawa rangi ya tofali, ipo nyingi. Hapo mgonjwa huagizwa namna ya kula, na aliyezidiwa hupigwa sindano ya dawa inayoitwa insulini. Dawa hiyo inatoka Ulaya kwa meli, na jua likiichoma inaharibika. Nilijifunza kupiga sindano pia. Wengine waliniita binti wa sindano, nami nilijiona nimepata kitu cha kufanya duniani.

Kati ya wagonjwa wetu kuna watatu utakaowasikia sana hapa. Wa kwanza ni mtoto anaitwa Suad, binti ya Yeslam, yule Mwarabu auzaye kahawa karibu na msikiti. Ugonjwa wa watoto ni tofauti na wa watu wazima. Mtu mzima akipunguza chakula anaweza kujikongoja siku kadhaa, lakini mtoto kama Suad akikosa sindano hana siku nyingi. Wa pili ni Mzee Katana, mgema wa Magogoni. Wa tatu ni Bibi Mwanasaumu, mpika vitumbua, mwanamke mwenye ulimi mkali na kidonda kidogo kwenye mguu.

Mgomo ulipoanza, dawa yetu ilikuwa imekaribia kwisha. Sanduku jipya lilikuwa limekwisha shuka melini, limo ghalani Kilindini, na hati zake Bwana Jamaludin anazo mkononi. Lakini hakuna mchukuzi aliyefanya kazi, hakuna lori lililotembea, na langoni wagomaji walikuwa wakiwarudisha waliotaka kutoa mizigo. Duka la dawa la kisiwani lilikuwa tupu. Barafu nayo ikakatika. Vichupa vichache tulivyobakiwa navyo nikavizika katika mtungi wa mchanga nikiumwagia maji, nikawa nautia mkono kila mara kuona kama bado ni wa baridi.

Daktari alivuka daraja la Nyali kwa baiskeli akaja kuzungumza nasi. Alisema waziwazi kwamba iliyobaki haiwatoshi wote, na kwamba apewe mtoto. Watu wazima wafunge mikanda, waache wali na vyakula vya wanga kadiri wawezavyo, tumwombe Mungu mgomo uishe. Akaondoka, akatuachia sisi kazi ya kuwaambia. Bibi Hafswa akatoka barazani akawaambia kwa upole, macho yake yako chini. Mzee Katana alijibu kwamba yeye amekwisha panda minazi ya kutosha katika maisha yake, mtoto apewe. Bibi Mwanasaumu hakusema neno. Alijifunga leso yake upya akaenda zake, nami nikauchukua ukimya ule kuwa ndiyo.

Siku zikapita, mgomo haukuisha. Asubuhi moja Yeslam alikuja mbio, akaniambia mtoto anatapika. Nilimkuta Suad akihema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ina harufu ya tunda lililoiva mno. Daktari alikuwa amenionya juu ya harufu hiyo. Nilikuwa nimempiga sindano zake zote kwa wakati. Maana yake ilikuwa moja tu: dawa ya mtungini ilikuwa imekwisha haribika kwa joto, nami nilikuwa nikimdunga mtoto maji matupu.

Bwana Jamaludin akasema atakwenda langoni na pesa. Bibi Hafswa, shangazi yake, akamwuliza kama anataka kurudi na kichwa kilichopasuliwa, kwa kuwa mwenye duka akionekana pale na pesa atahesabiwa kuwa anawanunua watu wavunje mgomo. Hapo Mzee Katana, ambaye alikuwa amelala barazani kwa udhaifu, akajiinua. Akasema yupo mtu anaitwa Odhiambo, nyapara wa makuli, anakaa Changamwe, na wachukuzi wote wanamsikiliza. Anamjua kwa sababu ndiye mnunuzi wake wa tembo. Akasema nifuatane naye.

Kaka, kutoka Kisauni mpaka Changamwe kwa miguu unakujua. Tulivuka Nyali, tukakata kisiwa chote. Maduka yamefungwa, takataka zimelundikana njiani, na askari wamesimama kwenye pembe za barabara. Mzee Katana alikuwa akitembea na kukaa, akitembea na kukaa. Tulipofika kwenye tuta la Makupa nilimwambia anisubiri kivulini, akakataa, akasema Odhiambo hatamwamini mtoto wa kike asiyemjua. Nilimshika mkono tukavuka. Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba atanifia pale juu ya tuta, na kwamba Suad anakufa nyuma yetu.

Odhiambo tulimkuta nje ya chumba chake pamoja na wenzake. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza hao wanaodungwa sindano ni matajiri gani. Mzee Katana akaketi chini, akavua kiatu, akamwonyesha mguu wake na vidole viwili visivyokuwapo.

Odhiambo aliutazama mguu ule, akasema, "Tembo la mzee huyu nimelinywa tangu nilipofika pwani. Hakuniambia anaumwa."

"Ungeacha kununua," Katana akamjibu.

Wakashauriana kwa Kijaluo. Kisha Odhiambo akasema sanduku litatoka, lakini kwa masharti yao. Halipandi lori la kampuni yoyote. Hakuna atakayelipwa hata senti, kwa kuwa akilipwa itakuwa amefanya kazi. Na huyo Bwana Jamaludin mwenyewe aje na hati zake, na asishike hati tu, alishike na sanduku. Mzee Katana tukamwacha kwa mke wa Odhiambo, naye alikuwa akimpa maji tulipoondoka.

Bwana Jamaludin nilimkuta Kilindini, maana hakuweza kukaa nyumbani, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya lango akilitazama. Nilipompa masharti yale alivua koti lake akanipa mimi nimshikie. Odhiambo aliingia langoni na kusema na watu wake, karani wa ghala akagonga mihuri yake, na baada ya kungoja kulikonikausha mate sanduku likatoka, Odhiambo na mwenzake mbele, Bwana Jamaludin nyuma. Hakuwa amewahi kubeba kitu maishani mwake. Mbao zilimchubua shingo, na hakulalamika.

Tulikuwa tumekaribia kufika darajani wakati vijana wa mgomo walipotuzuia. Hawa hawakuwa watu wa Odhiambo na hawakumjua. Waliona mzigo, wakaona Mswahili wa kanzu, wakaamua wenyewe kinachoendelea. Odhiambo aliwaeleza, wakamwita kibaraka. Mmoja wao, mwenye rungu, akaamuru sanduku liwekwe chini, akainua rungu lake juu yake. Kaka, ndani mlikuwa na vichupa vya kioo tu. Pigo moja lingetosha.

Nilisikia sauti yangu ikisema, nami hata sikupanga kusema. Nilimwambia, "Livunje. Lakini ukishalivunja twende pamoja Kisauni, ukamwambie baba yake mwenyewe, maana mimi sitaweza."

Akaniuliza baba ya nani. Nikamwambia jina la mtoto na kazi ya babake. Alibaki na rungu limeinuliwa, nasi tukabaki tumesimama. Mwishowe akalishusha, akasema tupite, lakini yeye atafuata nyuma, na kama ni uongo tutajuta. Akatufuata daraja zima na njia yote. Alisimama mlangoni kwa Yeslam wakati nilipomwandaa kwa sindano Suad, ambaye sasa alikuwa haitikii tena anapoitwa jina lake. Bibi Hafswa alikuwa amekwisha tuma mtu kumwita daktari, naye alifika nyuma yetu akampiga sindano mwenyewe. Nilipotoka nje kuchota maji, yule kijana alikuwa ameketi ukutani, rungu limelala miguuni. Baadaye nikaona hayupo.

Suad alifumbua macho siku ya pili yake. Leo anatembea, anagombana na wadogo zake juu ya kandambili. Mzee Katana alirudishwa Kisauni na jamaa za Odhiambo, amedhoofu lakini yu hai. Mgomo ukaisha, sote tukamshukuru Mungu, na Bibi Hafswa akapika pilau kwa ajili ya wagonjwa, isipokuwa wagonjwa wenyewe walipewa kijiko kimoja kimoja.

Bibi Mwanasaumu hakuja kwenye pilau ile.

Alikuja Alhamisi iliyofuata, amefungwa bandeji mguu mzima, akisaidiwa na mwanawe wa kike. Katika siku zile alizokosa sindano, kidonda chake kilikuwa kimeoza, na huko kisiwani wamemkata vidole vitatu. Baraza lilikuwa limejaa. Alisimama katikati, akakataa kukaa, akasema mbele ya watu wote kwamba yeye hakumwonea mtoto wivu, mtoto ni wa Mungu. Lakini anataka kujua ni nani aliyepewa ruhusa ya kupima mguu wake na roho ya mwingine. Sisi tunakaa ndani na vichupa vyetu, tunamwambia huyu ana sukari na huyu hana, huyu apewe na huyu asubiri. Yeye kwa macho yake haoni sukari yoyote, anaona mkojo unaochemshwa na kubadilika rangi. Labda kila mkojo ukichemshwa hubadilika. Labda hata sisi tunaoitwa wazima, wetu hubadilika vivyo hivyo, tukanyamaza.

Watu wakaguna. Niliona kwamba wengi walikuwa na swali hilohilo na hawakuwa na ujasiri wake. Bibi Hafswa alitaka kumtuliza. Mimi nikasema hapana, swali lake ni la haki na jibu lake ni rahisi. Nikaingia ndani, nikarudi na chupa yangu mwenyewe. Nikaileta taa ya spiriti nje barazani, nikaiwasha mbele yao. Nikawaambia tazameni, huyu mtu mzima asiyeumwa, maji yatabaki buluu kama yalivyo.

Nikachemsha.

Yakawa kijani. Nikadhani kichupa hakikuoshwa. Yakawa manjano. Kisha yakatua, mazito, rangi ya tofali.

Bibi Mwanasaumu alikuwa karibu yangu kuliko wote. Nilitazamia atacheka au atawaambia watu, mmeona? Hakufanya hivyo. Alikichukua kile kichupa mkononi mwangu kabla sijakiangusha, akanisogezea nafasi barazani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa hapa nasi, mwanangu."

Basi hilo ndilo neno nililoliweka kando mwanzoni. Daktari amenipima tena na tena, na hakuna shaka. Nimeambiwa ugonjwa ndiyo kwanza unaanza, na nikishika masharti ya chakula na sindano nitaishi na kufanya kazi yangu. Ile kiu niliyokuwa nayo njia nzima ya Changamwe niliidhania ni ya jua. Usilie, na Mama usimwambie mpaka nije mwenyewe. Ingekuwa ni hilo tu, barua hii ingekuwa fupi.

Daktari aliniuliza swali moja ambalo huwauliza wote, kwamba katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuumwa hivi. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema hakuna. Ndipo nikamwona Baba.

Kaka, wewe ulikuwa kijana mkubwa, mimi mtoto wa kubebeshwa kibuyu. Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kumjazia Baba mtungi wa maji kando ya kitanda, na haukukaa ukajaa. Alikuwa akila na kukonda. Mguu wake ulianza kwa mwiba tu. Na unakumbuka sisimizi. Mahali alipokuwa akijisaidia nyuma ya nyumba palijaa sisimizi hata ardhi ikawa nyeusi, na mganga aliyeitwa akasema wametumwa, na aliyewatuma ni dada yake mwenyewe, Shangazi Kache. Mimi niliyaamini kwa sababu watu wazima wote waliyaamini. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya ukoo ukasema hutaki kumwona tena, ukautoa mkeka wake na sufuria yake nje ya mlango. Siku hiyo sikuona uso wake, aliufunika.

Sisimizi wanafuata sukari, Kaka. Hapa Kisauni ukimwaga chupa ya mgonjwa mchangani wanakuja kabla hujageuka. Nimewaona kila siku tangu nianze kazi hii, na sikuwahi kufikiri. Ilibidi iwe chupa yangu.

Niliyajua haya, nikashindwa kuandika. Nilijiambia Baba amekwisha kufa, Shangazi amekwisha kwenda, kwa nini nifukue. Kisha siku ya Jumatatu Chengo, jirani yetu wa huko Ribe, akaja na ndizi zake za kuuza, akaniletea habari za nyumbani. Akaniambia umepungua mwili hata shati lako la kanisani linakupwaya. Akaniambia unaamka usiku kutafuta maji, na una kidonda cha kisigino ambacho hakijafunga tangu Krismasi. Na akaniambia, kwa kusitasita, kwamba umekwisha tuma kwa mganga, na jina linalonong'onwa safari hii ni la mama mkwe wako, mama yake Kafedha, kwa kuwa ni mjane na anakaa peke yake.

Sikungoja tena. Chengo hupita Utange na mizigo yake, naye ndiye aliyenifunulia kwamba Shangazi Kache yuko huko miaka yote hii, analima kipande cha shamba la watu. Nilikwenda naye siku ya pili. Nilimkuta akimenya mihogo. Alinitambua kabla sijajitaja, akasema nina paji la Baba, akaendelea kumenya. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Nilipofika kwenye sisimizi kisu kikasimama.

Akasema, "Nilikuwa nimemkasirikia ndugu yangu mwaka ule, kwa ajili ya mbuzi. Nilisema neno moyoni. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nilimwua bila kujijua."

Kaka, hayo ndiyo nisiyoweza kuyabeba peke yangu. Nilidhani tumemnyang'anya nyumba na jamaa. Sikujua kwamba hata yeye alikuwa akituamini.

Nikamwambia kuhusu wewe, juu ya kidonda chako na juu ya mganga. Nilitegemea atasema ni shauri lako. Aliuliza tu kama dawa ipo ya kutosha sasa. Nikamwambia ipo. Akauliza kama mtu akiwahi anapona. Nikamwambia haponi, lakini anaishi. Akaenda kuosha mikono yake.

Basi nakuomba kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa. Mrudishe mganga kabla hajaingia uani. Njoo Kisauni Alhamisi hii, usingoje nyingine, na uje na chupa ya haja ndogo ya asubuhi. Kidonda usikitie majani, kifunge na kitambaa safi kilichochemshwa. Ukifika nitakupima mwenyewe, na rangi utaiona kwa macho yako, na ikibaki buluu nitapiga magoti kukuomba radhi. Bibi Hafswa amekwisha kukuandalia mahali pa kulala.

Na jambo moja zaidi. Chengo aliyekupa barua hii hakuja peke yake. Shangazi Kache yuko nyumbani kwa Chengo, hapo ng'ambo ya kijito, anangoja. Amesema yuko tayari kukusindikiza mpaka huku na kukuuguza njiani, lakini hatakanyaga ua wako kwa siri. Watu walewale uliowaita siku ile, waliobaki hai, uwaite tena, useme mbele yao Baba aliumwa nini. Kisha umwite kwa jina lake. Asiposikia akiitwa, atarudi Utange na Chengo kesho asubuhi, na hatakulaumu. Hayo ni maneno yake, mimi sikuongeza.

Sina nguvu ya kuandika zaidi, mkono umechoka. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie nampenda na nitakuja kabla ya Pasaka. Wabusu watoto. Wifi yangu Kafedha mwambie nimemwekea kitambaa kizuri. Na mama yake, yule mjane, umsalimie kwa niaba yangu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, uende mpaka mlangoni kwake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nyevu